Mashine ya Santuri na Sakafu Inayotikisika

Mwongozo kwa mlaji anayetaka kulinda santuri zake na fedha zake

Katika baadhi ya nyumba za jiji la Arusha na vitongoji vya Mlima Meru bado zimo santuri zilizorithiwa kutoka kwa wazazi na babu. Nyingi ni zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, ambazo wimbo mmoja hugawanywa, nusu upande wa kwanza na nusu upande wa pili. Santuri nyingi za bendi za Tanzania zilichapishwa Nairobi katika miaka ya 1960 na 1970. Wakazi wa Arusha wana sababu ya pekee ya kuzitunza: bendi ya Simba Wanyika, iliyovuma nchini Kenya, iliasisiwa na wanamuziki waliopitia Arusha Jazz. Santuri ya namna hiyo ikikwaruzwa, mara nyingi hakuna duka litakalomuuzia mwenyewe nyingine.

Sababu mojawapo ya mikwaruzo hiyo ni sakafu. Mtu akipita sebuleni, sindano huruka. Mtoto akikimbia, sindano huteleza na kukata njia za santuri. Mlaji anapotafuta dawa ya tatizo hili hukutana na bidhaa za kila namna: miguu ya mpira, mikeka ya sifongo, majukwaa ya springi na meza maalumu. Baadhi hufanya kazi iliyotajwa, baadhi hazifanyi, na baadhi huongeza tatizo. Katika makala haya tunaeleza jinsi mtetemo unavyoifikia sindano, jinsi ya kutambua chanzo chake bila kutumia fedha, na mambo ya kuuliza kabla ya kulipa.

Kwa nini sindano huisikia sakafu

Santuri hubeba muziki katika mfereji mwembamba wenye mawimbi madogo sana. Baadhi ya mawimbi hayo hayafiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Sindano hupita katika mfereji huo, hutikisika kwa kuyafuata mawimbi, na kichwa kinachoishika hugeuza mtikisiko huo kuwa umeme unaokwenda kwenye ampilifaya.

Kichwa hicho hupima jambo moja tu: tofauti ya mwendo kati ya sindano na mkono unaoibeba. Hakina uwezo wa kujua kama sindano imesukumwa na muziki au kama santuri nzima imetikiswa kutoka chini. Kwa hiyo mtetemo wa sakafu ukilifikia bamba linalozunguka, nao hugeuzwa kuwa umeme na kukuzwa pamoja na muziki.

Kuna jambo la pili. Sindano imeshikwa na kijiti chenye unyumbufu, na mkono una uzito wake. Viwili hivi kwa pamoja ni kama jiwe lililoning'inizwa kwenye springi: vina kasi yao ya asili ya kuyumba. Katika mashine nyingi kasi hiyo huwa kati ya mara 8 na 12 kwa sekunde, yaani hezi 8 hadi 12. Watengenezaji huilenga kwa makusudi, kwa kuwa iko chini ya sauti ya muziki na juu ya myumbo wa santuri iliyopinda. Kwa bahati mbaya, sakafu ya mbao inapokanyagwa nayo hutikisika mara nyingi karibu na kasi hiyo hiyo. Ndiyo maana hatua moja ya mtu mzima, ambayo haitikisi hata kikombe cha chai, inaweza kuirusha sindano.

Mitetemo hutoka wapi

Ni muhimu kutofautisha njia tatu, kwa sababu kila moja ina tiba yake.

Njia ya kwanza ni nyayo na milango. Mtetemo huu ni wa polepole na wenye nguvu, nao hupita kwenye sakafu hadi kwenye meza. Dalili yake ni sindano kuruka, au spika kubwa kuonekana ikisukumwa mbele na nyuma kila mtu anapopita.

Njia ya pili ni spika zenyewe. Sauti nzito hutikisa sakafu, rafu na hewa; mashine huupokea mtikisiko huo, ampilifaya huukuza, na spika huutoa tena. Mzunguko huu ukipata nguvu, husikika mvumo unaokua wenyewe hata muziki ukimezwa. Usipofikia hapo, besi huwa nzito isiyo na mpaka, na maneno ya mwimbaji hufifia. Walaji wengi hudhani spika zao ni mbovu.

Njia ya tatu ni mashine nyingine: jokofu lililo juu ya sakafu hiyo hiyo, pampu ya maji, jenereta ya jirani, mashine ya kusaga, au malori yapitayo barabara kuu ya Moshi na Nairobi. Mtetemo huu huendelea kwa muda mrefu, na mara nyingi husikika kama mngurumo wa chini.

Tuongeze kwamba eneo letu liko katika Bonde la Ufa. Mwezi Julai 2007, kabla ya mlipuko wa Ol Doinyo Lengai, matetemeko yalisikika Arusha na hata Nairobi. Hakuna mguu wa mpira wala springi ya nyumbani inayokusudiwa kuzuia tetemeko. Ardhi ikitikisika, okoa watu kwanza na uiache santuri.

Jaribu kabla ya kununua

Majaribio yafuatayo hayahitaji kifaa chochote. Tumia santuri usiyoithamini, na anza na sauti ndogo ili usiharibu spika.

*Jaribio la kwanza.* Zima mota ili santuri isizunguke, kisha shusha sindano juu yake taratibu. Ongeza sauti hadi kiwango chako cha kawaida. Gonga kwa ncha ya kidole meza iliyobeba mashine. Mgongo huo ukisikika wazi kwenye spika, meza inapeleka mtetemo.

*Jaribio la pili.* Sindano ikiwa bado juu ya santuri iliyosimama, mwombe mtu atembee kwa mwendo wa kawaida kutoka mlangoni hadi dirishani. Sikiliza, na uangalie spika kubwa. Rudia baada ya kuiweka mashine sakafuni karibu na ukuta, kisha katikati ya chumba. Tofauti utakayoiona itakuonyesha sehemu ya sakafu inayotikisika zaidi.

*Jaribio la tatu.* Ongeza sauti kidogo kidogo kupita kiwango chako cha kawaida, bila mtu yeyote kutembea. Mvumo ukianza kukua, punguza mara moja. Tatizo lako ni la njia ya pili, yaani spika.

*Jaribio la nne.* Cheza santuri ukisikiliza kwa vipokea sauti vya masikioni, spika zikiwa zimezimwa na chumba kikiwa kimetulia. Mngurumo ukiendelea, huenda unatoka ndani ya mashine: mota, ekseli iliyochakaa au mkanda uliolegea. Mlio usiobadilika kwa kawaida ni wa umeme, na hutokana na waya wa ardhi usiounganishwa vizuri. Hakuna mkeka utakaoondoa makosa haya.

Aidha, sindano ikiruka pahali pale pale pa santuri wakati hakuna anayetembea, usiilaumu sakafu. Angalia uchafu, mkwaruzo wa zamani, sindano iliyochakaa, au mashine isiyo sawa kwa pima maji.

Ijue sakafu yako

Nyumba nyingi za mjini, kama zile za Njiro, Sakina au Kaloleni, zina sakafu ya zege iliyomwagwa moja kwa moja juu ya ardhi. Sakafu hii haibonyei kwa uzito wa mtu. Ukiwa nayo, nyayo si adui mkubwa. Mara nyingi kilicholegea ni meza. Kabla ya kununua kitu, kaza skrubu za meza, weka kipande chembamba cha mbao chini ya mguu unaoyumba, na uhamishe spika zisikae juu ya meza hiyo. Hatua hizi tatu pekee huweza kumaliza tatizo.

Hali ni tofauti katika nyumba za mbao, katika nyumba za zamani zenye sakafu ya mbao, na katika zile zilizojengwa kwenye miteremko ya Meru, ambako upande mmoja wa sakafu huinuliwa juu ya nguzo. Humo mbao za sakafu hulala juu ya boriti, na boriti hubonyea zaidi katikati na kidogo sana mahali zinapokalia msingi. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuhama: ondoa mashine katikati ya chumba, uiweke karibu na ukuta ambao ncha za boriti zinakalia.

Ikiwa chini ya sakafu kuna nafasi ya kuingia, fundi seremala anaweza kuongeza nguzo chini ya katikati ya boriti, juu ya jiwe au zege imara. Boriti inayoshikiliwa katikati huwa kama boriti mbili fupi, na kwa hesabu za ujenzi boriti yenye nusu ya urefu hubonyea takriban mara nane pungufu kwa uzito ule ule. Hakuna jukwaa la dukani linaloweza kuishinda tiba hiyo, kwa kuwa inaponya sakafu yenyewe.

Ghorofani, sakafu ya zege nayo hutikisika kidogo, hasa katikati ya chumba kikubwa. Kanuni ni ile ile: karibu na ukuta au nguzo ni bora kuliko katikati.

Rafu ya ukutani

Kwa tatizo la nyayo, rafu iliyofungwa ukutani ndiyo tiba ya kwanza tunayoshauri, kwa sababu inaitenga mashine na sakafu kabisa. Inahitaji vyuma viwili vya engo vilivyochomelewa kwa umbo la pembe, ubao mgumu usiopinda, na skrubu ndefu zilizoshikwa barabara ndani ya tofali au bloku. Zingatia mambo matatu.

Kwanza, chagua ukuta wa tofali, bloku au mawe unaobeba paa. Ukuta mwembamba wa jipsamu au mbao za kugawia vyumba hutikisika kama ngoma. Pili, epuka ukuta wenye mlango unaobamizwa mara kwa mara. Tatu, sawazisha rafu kwa pima maji kutoka kushoto kwenda kulia na kutoka mbele kwenda nyuma.

Katika nyumba ya mbao, ukuta na sakafu huwa vimeungana. Hapo funga rafu kwenye nguzo kuu za nyumba, usiifunge kwenye mbao za kuzibia ukuta, na urudie jaribio la pili kabla ya kuitoboa moja kwa moja.

Kanuni ya milimita

Kitu laini huzuia mtetemo kwa kulegea. Mashine iliyokaa juu ya springi au mpira huwa na kasi yake ya asili ya kuyumba. Mitetemo yenye kasi iliyo juu sana ya hiyo hupunguzwa. Iliyo karibu nayo hukuzwa. Iliyo chini yake hupita kama ilivyo. Nafuu huanza pale tu kasi ya mtetemo inapozidi ile ya asili kwa takriban mara 1.4.

Mlaji anaweza kuikadiria kasi hiyo kwa rula. Pima kimo cha mguu au springi bila mzigo, kisha pima tena ikiwa imebeba mashine. Tofauti ndiyo kiasi ilichobonyea, nayo hutoa majibu yafuatayo:

• Ikibonyea milimita 1, kasi ya asili ni karibu hezi 16, na nafuu huanza karibu hezi 22.
• Ikibonyea milimita 2.5, kasi ni hezi 10, na nafuu huanza hezi 14.
• Ikibonyea milimita 10, kasi ni hezi 5, na nafuu huanza hezi 7.
• Ikibonyea milimita 25, kasi ni karibu hezi 3, na nafuu huanza zaidi kidogo ya hezi 4.

Hesabu hii ni sahihi kwa springi za chuma. Mpira na sifongo huwa vigumu zaidi vinapotikiswa haraka kuliko vinapobonyezwa polepole, kwa hiyo matokeo yake huwa hafifu kuliko rula inavyoonyesha.

Maana yake kwa mnunuzi ni wazi. Mkeka unaobonyea milimita moja hauwezi kuzuia mtetemo wa hezi 10 unaorusha sindano, hata uwe na bei gani. Unaweza kusaidia kidogo dhidi ya sauti ya spika iliyo juu ya hapo, basi. Anayeuza mkeka mgumu kama dawa ya nyayo anadai jambo ambalo rula inalikanusha.

Kwa upande mwingine, springi laini sana juu ya sakafu ya mbao ina hatari yake. Mtu hutembea kwa takriban hatua mbili kwa sekunde. Springi yenye kasi ya asili ya hezi 2 au 3 huweza kuitikia hatua hizo, na mashine ikayumba kama mtumbwi. Ndiyo sababu tunasema rafu ya ukutani kwanza, springi baadaye. Vivyo hivyo, baadhi ya mashine zina springi ndani yake tangu kiwandani, mtindo uliopata umaarufu kwa mashine ya AR ya Marekani iliyotoka mwaka 1961. Mashine ya aina hiyo haihitaji springi nyingine chini yake. Inahitaji rafu ngumu.

Anayetaka kujaribu kwa gharama ndogo anaweza kutumia tyubu ya gurudumu la toroli, ikijazwa upepo kidogo tu, juu yake ukawekwa ubao, na juu ya ubao kipande kizito cha graniti au bamba la zege. Uzito huongeza kubonyea, na kadiri unavyobonyea zaidi bila kugusa chini ndivyo kasi ya asili inavyoshuka. Upepo ukizidi, tyubu huwa ngumu na faida hupotea. Pima usawa kila wiki, kwa kuwa upepo hupungua.

Mambo ya kuepuka

*Sarafu juu ya kichwa cha sindano.* Hili ni kosa lenye madhara makubwa kuliko yote. Vichwa vingi vya kisasa hutakiwa kukandamiza santuri kwa gramu 1.5 hadi 2.5. Sarafu huongeza gramu kadhaa, na sindano huanza kuchimba mfereji. Kuruka hukoma, lakini kila unapocheza unafuta sehemu ya muziki ambayo haitarudi. Fuata uzito ulioandikwa na mtengenezaji. Kupunguza uzito chini ya hapo nako huharibu, maana sindano hugongagonga kuta za mfereji.

*Sifongo la godoro.* Hubonyea hadi mwisho, na likishafika mwisho ni kama halipo. Tena huchakaa upande wenye mota haraka zaidi, na mashine huinama.

*Spika na mashine juu ya rafu moja.* Hakuna mguu wa mpira unaofidia kosa hili. Epuka pia kona ya chumba, ambako sauti nzito hujikusanya. Jaribu kucheza ukiwa umekiondoa kifuniko cha plastiki, kwani hupokea sauti kama ngozi ya ngoma. Kama ampilifaya yako ina kitufe cha kuchuja sauti za chini kabisa, kiwashe. Hakizuii sindano kuruka, lakini hupumzisha spika.

Unaponunua

Muulize muuzaji maswali manne: Mguu huu unabeba kilo ngapi, kima cha chini na cha juu? Kwa uzito huo unabonyea milimita ngapi? Umekusudiwa kuzuia nyayo, spika, au vyote viwili? Naweza kuurudisha usipofanya kazi, na ndani ya siku ngapi?

Swali la kwanza hupuuzwa mno. Mashine ya kilo 10 juu ya miguu minne humpa kila mguu kilo 2.5. Miguu iliyotengenezwa kwa kilo 6 kila mmoja haitabonyea inavyopaswa, na mnunuzi atakuwa amelipia mapambo. Pima mashine kwa mizani ya nyumbani kabla ya kwenda dukani.

Mweleze muuzaji shida yako kwa maneno yaliyo wazi, tena ikiwezekana kwa ujumbe wa maandishi: "Nataka kuzuia mtetemo wa nyayo kwenye sakafu ya mbao." Chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, mnunuzi aliyemjulisha mfanyabiashara matumizi anayoyakusudia na akautegemea utaalamu wake ana nguvu zaidi ya kudai bidhaa isipofaa kwa matumizi hayo. Nayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Ahadi ya kuzuia "mitetemo yote" ni dai, na mwenye kudai anapaswa kuwa tayari kulithibitisha.

Dai risiti ya EFD kila ununuapo. Kama umenunua kupitia tangazo la mtandaoni, hifadhi picha ya tangazo pamoja na mazungumzo yenu. Bidhaa ikishindwa jaribio la pili au la tatu, rekodi video fupi kwa simu, mrudie muuzaji kwanza, na asipokusikiliza wasilisha malalamiko yako pamoja na vielelezo hivyo.

Kwa ufupi

1. Tambua chanzo kwa majaribio manne kabla ya kutumia fedha.
2. Kaza meza, tenganisha spika, ondoka katikati ya chumba na kwenye kona.
3. Kwa nyayo, tumia rafu ya ukuta imara au ongeza nguzo chini ya boriti.
4. Kwa spika, tumia kitu laini kinachobonyea vya kutosha kwa uzito wa mashine yako.
5. Pima kwa rula; usinunue kwa maneno.
6. Usiweke sarafu juu ya sindano.
7. Tunza risiti, tangazo na ujumbe wa muuzaji hadi uridhike.